Dalali Aliyecheka Nyumba Ikiuzwa

Siku niliyomfukuza Dalali nilikuwa nasonga ugali wa ulezi, mtoto yuko mgongoni, moshi uko machoni. Nikasikia hodi, sauti naijua. Nikatoka na mwiko mkononi. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake kifuani kama mtu aliyekuja msibani, na nyuma yake kijana mmoja na mkewe, wageni kwangu, nguo zao bado zina mikunjo ya pasi.

"Ulizeni huyu," akawaambia. "Huyu ni mteja wangu. Nyumba hii nimemtafutia mimi kwa miguu yangu. Mwanangu, waambie wenzio, una raha au huna raha?"

Nyuma yangu, uani, kwenye jiko la pili, alikuwa ameketi mke wa yule bwana aliyetuuzia nyumba, anapepeta mchele. Alikuwa anaishi humo ndani pamoja nami tangu masika, yeye na wanawe vyumba vya nyuma, mimi na wangu vya mbele, kila mmoja anasubiri mwenzake aondoke. Dalali alimwona vizuri tu. Hata salamu alimpa.

"Nina raha, mzee," nikasema. "Umenipatia nyumba na mke mwenza humohumo, na mume wangu wala hajaongeza mke."

Yule kijana akacheka. Mkewe naye akacheka, mkono mdomoni. Walidhani ni utani. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia, maana kicheko kile nilikijua. Kilikuwa kicheko changu mimi na mume wangu, tulipokuwa tumesimama uani kwa nyumba hiyohiyo siku ya kununua. Nikainua mwiko. Sikumpiga, Mungu ni shahidi, ila alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, ugali unamdondokea kwenye viatu, naye anasema, "Taratibu mwanangu, utaungua." Kilichoungua ni ugali.

Mtaa mzima wa Chanji ulinisema. Mzee wa watu, kumtoa mbio na mwiko! Sawa. Basi na mimi nimseme huyo mzee wa watu, kwa kuwa nimemjua miaka, na kwa kuwa wanaomsifu wengi wao hawajawahi kununua kitu chochote kikubwa kuliko baiskeli.

Jina lake silitaji, na halina kazi. Watu wote walimwita Dalali, hata padri. Alikuwa na koti refu la mitumba, la kijani, alilolivaa kiangazi na kipupwe, na upepo wa Sumbawanga ukivuma ulimjaza mpaka akaonekana mnene. Mifukoni alikuwa na funguo, fungu zima linalolia kama njuga. Nyingi hazikufungua mlango wowote. Nilimuuliza siku moja anazibebea nini. Akasema, "Mwanangu, mtu akisikia funguo anaona nyumba."

Nyumba alizikagua kama mtu anayekagua ng'ombe. Anafika, hasemi kitu, anaupiga ukuta kofi la wazi, paa, kama anapiga tako la fahali, halafu anasikiliza. Anasugua tofali kwa kidole gumba. Anarudi nyuma hatua kadhaa, anainamisha kichwa, anatazama miguu ya nyumba, yaani msingi. Mazoea hayo aliyapata mnadani huko bondeni, Muze, alikokuwa akiunganisha wauza ng'ombe na wanunuzi kabla hajahamia kwenye nyumba. Na kabla ya ng'ombe alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika, mtu wa shati jeupe. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, wafanyabiashara wakaanza kuleta malori yao na kununua mahindi mlangoni kwa mkulima, mizani ya ushirika ikakaa inapigwa na vumbi. "Nililala mtu wa serikali," alikuwa akisema, "nikaamka mtu wa maneno."

Hilo neno la ruksa ndilo lililotukutanisha na sisi. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya shirika la umma, tukakaa nyumba ya shirika, na mimi nikadhani nyumba za mjini ndivyo zilivyo, mtu anapewa pamoja na kazi. Shirika likapunguza watu. Akapewa kiinua mgongo chake na akaambiwa arudishe ufunguo. Wazazi wetu nyumba walijenga au walirithi. Kununua nyumba iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine, kama unanunua sufuria, hakuna aliyetufundisha kunaanzia wapi. Nina kidato cha nne mimi. Nilijua kutaja maziwa makuu ya Kanada kwa mpangilio wake. La nyumba, sifuri.

Kwa hiyo tukatafuta dalali, na mimi ndiye niliyechagua.

Pale stendi walikuwepo vijana, miwani ya jua usoni hata mvua ikinyesha. "Mambo sista! Geto au nyumba nzima? Tunazo, poa kabisa." Nikawaona wahuni. Alikuwepo mama mmoja muuza mitumba aliyefanya na udalali pembeni, mkali, anayejibu swali kwa ndiyo au hapana na kukupa kisogo. Nikamwona hana adabu. Halafu nikamkuta huyu, amekaa kwenye benchi la fundi viatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha kwa Kifipa chetu cha nyumbani akaniuliza kama nimeshakula. Basi. Kwa hilo tu. Leo mtu akiniuliza dalali anachaguliwaje nitamwambia mfuate yule mama asiye na adabu.

Lakini nisiwe mwongo, hakutushika kwa salamu tu. Alitushika kwa kutukataza. Nyumba ya kwanza aliyotupeleka, mimi niliipenda, ina baraza. Akaipiga kofi, akasema, "Hii hapana. Masika maji yanatokea chini, mtalala mmeinua miguu." Ya pili akasema mwenyewe mlevi, atauza mara mbili. Ya tatu alikataa hata kufungua mlango. Mume wangu akaniambia tukirudi, "Huyu mzee ni mkweli. Mtu wa kutaka chake tu angetuuzia ile ya kwanza." Nami nikaitikia. Baadaye sana ndipo nikaambiwa kwamba nyumba zote tatu zilikuwa mikononi mwa wale vijana wa miwani. Hata hivyo ile ya kwanza niliiona masika kwa macho yangu. Maji yalitoka chini kama alivyosema.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimshika mwongo mkono huu, mkono wa pili unatoka na ukweli.

Alikuwa na maneno yake, na mengine ninayatumia mpaka leo ingawa yananikera mdomoni. "Nyumba ya watu kasalimie choo kwanza, sebule inajua kudanganya." "Usiangalie nyumba siku ya jua, hata chura siku ya jua ni msafi." "Jirani hauzwi, jirani unapewa bure, kwa hiyo mkague zaidi." Mama mmoja mjane alitaka kununua kibanda cha udongo kilichoegemea upande, Dalali akamkatalia mbele ya muuzaji, akakosa udalali wake na akatukanwa juu yake. Mwanangu wa kwanza alipopata degedege, mume wangu yuko safari, ni yeye aliyembeba begani mpaka hospitali, koti lile limemfunika, na akakaa nje kwenye baridi mpaka niliposema homa imeshuka. Siwezi kuyafuta hayo. Nimejaribu.

Na mtu huyu aliyetembea na nyumba za mji mzima mfukoni alikuwa mpangaji. Chumba kimoja, bati linavuja, ndoo katikati ya kitanda na meza. Ukimuuliza anacheka. "Mwanangu, kinyozi hajinyoi." Alicheka kwa kila kitu. Alicheka kabla ya kujibu, akacheka baada ya kujibu, na kama umechelewa kushtuka jibu lenyewe limepita katikati.

Sasa nifike kwenye utani, maana ndimo nilimozama.

Mimi Mfipa, mume wangu Msukuma. Baba yake alishuka na ng'ombe bondeni miaka hiyo, wakakaa. Na kati ya makabila haya mawili upo utani wa tangu enzi za babu, mtani anakuambia lolote na hukasiriki, ukikasirika wewe ndiye mshamba. Siku ya kwanza tu Dalali alipomwona mume wangu aliruka. "Mwanangu! Wanaume wote wa Ufipa, ukaenda kuolewa na mchunga ng'ombe? Anajua kulala kitandani huyu?"

Mume wangu hakubaki nyuma. "Mzee, mimi nakuogopa wewe. Nyumba ikinishinda usinitumie ile radi ya uchawi wenu Wafipa, nitumie barua tu."

Toka hapo ikawa hivyo. Hakukuwa na neno kati yao lisilo na dhihaka. Nilipenda, nasema kweli. Mume wangu tangu apunguzwe kazini alikuwa amekauka, hacheki. Na Dalali alimchekesha.

Nyumba ya nne ndiyo hii. Matofali ya kuchoma, bati, vyumba vinne na ua. Siku ya mauziano tulikuwa pale uani sote: sisi, muuzaji, mwenyekiti wa mtaa, majirani wa mipaka pande zote, na Dalali. Mipaka ikatembelewa, majirani wakaitika. Mwenyekiti akashika kalamu. Mume wangu akamgeukia Dalali, akauliza lile swali ambalo kila mtu alituambia tusisahau kuuliza.

"Haya mtani. Nyumba hii haina maneno?"

"Haina maneno?" Dalali akapiga ukuta kofi. "Ina maneno kuliko ng'ombe wa baba yako! Ina mwanamke wake Muze kule. Siku akipanda huu mlima, wewe Msukuma utalala zizini ulikozoea!"

Tukacheka. Nasema tukacheka mpaka mwenyekiti akaweka kalamu chini afute macho. Muuzaji alicheka kuliko wote. Mume wangu akasema, "Akija tutamwoa!" Tukacheka tena. Halafu tukatia sahihi, na muuzaji akasaini, na majirani wakasaini, na kesho yake muuzaji akapanda gari kwenda Mpanda kwenye dhahabu, na hajaonekana tena.

Mama wa Muze alikuja na lori la mpunga, masika yameanza. Alishushwa barabarani na gunia, godoro na wanawe. Hakuja na fujo. Fujo ningeiweza. Alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, nikamkaribisha, akakaa, nikampa maji, akanywa. Akautazama ukuta muda mrefu. Akasema, "Haya matofali nilifyatua mimi, nina mimba ya huyu mkubwa. Maji nilichota mtoni, kuni za kuchomea nilikata. Yeye alikuja kuezeka tu. Nani amekuuzia mikono yangu?"

Nilimwonyesha mkataba kama mpumbavu. Hajui kusoma, akaushika vizuri kwa mikono miwili, akanirudishia. Halafu akaenda akafungua vyumba vya nyuma.

Nilikimbia mpaka kwa fundi viatu, kanga inaburuza.

"Mzee! Mke wa yule bwana amekuja!"

"Wa Muze?" akasema. "Si niliwaambia?"

"Ulimwambia nani?"

"Niliwaambia uani, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wote. Nikasema yupo mwanamke Muze, nikasema akipanda mlima mtalala zizini. Mlicheka wenyewe." Na akacheka. "Mwanangu, mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kumficha mteja kitu."

Ilikuwa kweli. Neno kwa neno ilikuwa kweli. Nikaenda kwa mwenyekiti, akajikuna. "Alisema, mama. Lakini si ulikuwa utani?" Mume wangu aliporudi safari, sasa anaendesha lori la mtu mpaka Tunduma, akasema, "Mambo yataisha tu." Akaondoka tena. Yakabaki kuishi na mimi.

Watu hawajui hofu ya namna hii. Hofu ya njaa unajua mwisho wake ni mavuno. Hii haina msimu. Sijapigilia hata msumari mmoja ukutani, maana nasema nikipigilia watanitoa. Vyombo viko kwenye boksi, natoa sufuria, naosha, narudisha kwenye boksi. Mchicha sijapanda. Kila gari likisimama barabarani nasema huyo ni mume wake amerudi, au ni karani wa mahakama, au ni kaka zake kutoka bondeni na mapanga. Mtoto akiniuliza, "Mama, hapa kwetu?" namwambia anywe uji. Na huyo mama mwenzangu, nilimwona siku moja kwa upenyo wa mlango: naye vitu vyake viko kwenye gunia, limefungwa kamba, liko karibu na mlango. Tulikuwa watu wawili tumekaa mkao wa safari ndani ya nyumba moja, na hakuna mwenye pa kwenda.

Tulianza kusemeshana kwa sababu ya mwiko. Siku ile nilipomfukuza Dalali nikarudi uani, sufuria inanuka kuungua. Yule mama akainuka, akaiepua, akapika mchele wake, akanipakulia. Tukala. Akasema, "Yule mzee ananifahamu. Alipokuwa mnadani alikuwa anakunywa maji kwangu. Anajua nani alijenga hapa." Mimi nilikuwa nimeshaandika lalamiko langu tayari, la kutaka baraza la kata limwondoe yeye na wanawe kwenye nyumba yangu. Lilikuwa ndani ya boksi, chini ya sahani. Baada ya ule wali nilikwenda nikalichana, nikawashia moto wa chai.

Jumatatu iliyofuata tukaenda wote wawili ofisi ya kata, na lalamiko jipya mkononi. Upepo wa kipupwe ulikuwa unakata masikio. Na nani amekaa kwenye benchi la nje, kofia imevutwa mpaka nyusi, anakohoa? Alikuwa amekuja kwa shauri la mtu mwingine, la kiwanja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona tangu siku ya mwiko. Nilikusudia nipite. Lakini nimelelewa, mdomo ukasema shikamoo wenyewe.

"Marahaba, mwanangu." Akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Leo umeacha mwiko?"

Sikucheka. Mama wa Muze naye hakucheka. Akaona hatucheki, akasogea kwenye benchi kutupisha nafasi. Hatukukaa.

"Umeandika nini?"

"Nimekuandika wewe. Na muuzaji."

"Umeandika kwamba nilificha?"

"Ndiyo."

"Hilo utashindwa," akasema, taratibu kabisa, kama alivyokuwa akisema juu ya nyumba zile za kwanza. "Mwenyekiti atasema niliwaambia, majirani watasema niliwaambia. Futa. Andika niliwaambia nikicheka, na muuzaji alicheka, na wote tulicheka."

"Kwa nini ulicheka, mzee?"

Alitoa zile funguo, akazirudisha. "Mtu akisema kwa uso mkavu, mauzo yanakufa. Na nisiposema, mimi nakufa vibaya. Nikapita hapo katikati." Akakohoa. Nilimsubiri acheke. Alinitazama tu, na ile sura bila kicheko sikuwa nimewahi kuiona. Ilikuwa sura ya mzee yeyote tu, aliyechoka, mwenye baridi. Kidogo nimwonee huruma. Nikamkumbuka mtoto wangu begani mwake, na papo hapo nikakumbuka boksi la vyombo. Nikaingia ndani.

Karani wa baraza alinipa meza na kalamu, nikaandika upya. Alipolisoma akasema, "Dada, hili la kucheka litoe. Kucheka si kosa."

"Liache," nikasema.

"Na walalamikaji wawili? Huyu mama si ndiye anayekudai nyumba?"

"Ndiye. Andika wawili."

Nikatia sahihi, mwenzangu akaweka dole gumba, karani akagonga muhuri. Liliandikwa hivi:

Kwa Mwenyekiti, Baraza la Kata.

Sisi ni wanawake wawili tunaoishi nyumba moja hapa Chanji. Mmoja aliijenga kwa mikono yake, mmoja aliinunua kwa kiinua mgongo cha mume wake. Hatulalamikiani. Tunamlalamikia aliyeuza bila mkewe kujua, na tunaomba atafutwe huko Mpanda arudi. Tunamlalamikia na dalali. Hatusemi alificha. Alisema ukweli wote mbele ya mashahidi, lakini aliusema kwa utani, kwa kuwa alijua mtani hakasiriki wala haamini, na muuzaji alicheka, na mwenyekiti wa mtaa alicheka, na mlalamikaji wa pili na mume wake walicheka, na kwa kicheko hicho nyumba ikauzwa. Mpaka shauri liishe tunaomba asitolewe mtu yeyote kati yetu wala watoto wetu. Na tunaomba dalali aitwe, asimamishwe uani palepale, watu walewale wawepo, aulizwe tena kama nyumba hii ina maneno, naye ajibu bila kucheka.